Kucha Kumi za Manjano

Darasa langu la tatu lilikuwa na watoto hamsini na wawili na brashi nne. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniuliza somo la sanaa linakwendaje kwa brashi nne, nikamjibu linakwenda kwa vidole, kwa pamba iliyozungushiwa njiti, na kwa sauti yangu. Hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake akaenda zake, na brashi zikabaki nne.

Nimefundisha sanaa katika skuli za msingi za mjini Unguja kwa miaka mingi, na somo ninalolipenda kuliko yote ni kuchanganya rangi. Rangi za dukani hazimalizi wiki, kwa hiyo nafundisha kwa vitu vya nyumbani. Ya manjano ni manjano yenyewe, yale yale ya kutia kwenye mchuzi, yamekorogwa kwa maji kidogo. Ya buluu ni buluu ya kufulia kanzu. Nyekundu ndiyo iliyokuwa ikinisumbua, mpaka mama mkwe wangu alipoanza kuniletea kutoka Makunduchi ile rangi ya unga wanayochemshia ukili, yale majani ya kusuka, kabla ya kushona mikeka. Pakiti moja ndogo inatosha darasa zima na mashati ya skuli juu yake. Nimegombana na akina mama wengi kwa ajili ya mashati hayo, na sijawahi kushinda hata mara moja.

Vifuniko vya chupa ndivyo vyombo vyetu. Watoto hukaa watano watano, kila kundi na vifuniko vitatu vya rangi na kimoja kitupu, na mimi napita kati yao na neno moja tu mdomoni: kidogo. Mtoto hajui kidogo. Mpe nyekundu ataimwaga yote, ataongeza buluu yote, kisha manjano yote, na mwisho atakuletea matope na kukwambia kwa uso mkavu kwamba hiyo ni rangi ya gari la baba yake. Mwaka ule kulikuwa na msichana mmoja wa safu ya mbele, mdogo kuliko wenzake, meno ya mbele hana, ambaye kila wiki alivumbua matope mapya na kuyapa jina. Rangi ya embe bovu. Rangi ya ukuta wa kwa bibi. Nilikuwa namgombeza, na moyoni nampenda.

Lipo jambo moja nililowafundisha ambalo halimo katika mtaala wowote. Rangi ikishachanganywa, kabla haijagusa karatasi, ijaribu juu ya ukucha wa dole gumba. Ndani ya kifuniko rangi hudanganya, kwa sababu iko nyingi. Ipake nyembamba kwenye ukucha, utazame mwangani, ndipo utaijua ilivyo. Hilo sikulipata chuoni. Nililipata kwa mume wangu.

Mume wangu alikuwa mwandika vibao. Maduka ya Darajani, vinyozi, mabucha, madrasa, wote walimjua. Zilipokuja zile karatasi za plastiki zinazochapwa kwa mashine kazi ikapungua, kisha hoteli za Paje zikaanza kumtafuta kwa sababu wageni wanapenda maandishi ya mkono, naye akacheka sana kwamba amekuwa kitu cha zamani akiwa na miaka arobaini na kitu. Kila rangi aliyochanganya aliijaribu kwenye ukucha wa gumba. Na kwa kuwa rangi ya mafuta inazuia maji yasifike mwilini, na udhu wa namna hiyo hausihi, kila adhana ilimkuta akisugua kidole kwa tina ya kuyeyushia rangi na kitambaa. Mara tano kwa siku. Nilimwambia si ujaribu kwenye ubao, akanijibu ubao uko mbali na ukucha anao. Hakuna mtu niliyewahi kumshinda kwa hoja nyumbani kwangu.

Alifariki siku ya Jumanne kabla ya adhuhuri. Presha. Aliondoka kwa miguu yake, akaanguka kwenye mlango wa duka alilokuwa akiliandikia kibao, na waliponiita nilikuwa darasani. Maneno yangu ya mwisho kwake yalihusu mtungi wa gesi. Nilimwambia nimemkumbusha mara tatu na kama anataka kula wali mbichi shauri yake. Watu hunieleza kwamba hayo ni maneno ya kawaida ya mke na mume, na mimi nakubali, na bado ndiyo maneno ya mwisho.

Hatukujaaliwa mtoto. Wazazi wangu mwenyewe walikuwa wameshatangulia. Mama yake mume wangu alikuja kutoka Makunduchi kwa maziko, na matanga yalipokwisha na watu wakatawanyika, yeye hakurudi. Alitandika mkeka wake kando ya kitanda changu, katika vyumba vyetu viwili vya juu pale Malindi, akatoa ukili wake akaanza kusuka.

"Nnakaa mpaka eda yako ishe," alisema. "Mimi ndo ntakutoa."

Labda msomaji hajui uzito wa maneno hayo. Mjane kwetu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Halali nje ya nyumba yake, hapaki hina wala wanja, hajifukizi udi, hatii asmini, havai nguo ya kupendeza. Siku inapokwisha anaogeshwa, anavikwa nguo mpya, anafukizwa, anasomewa dua, na ndipo anarudi kuwa mtu miongoni mwa watu. Anayemwogesha ni mwanamke mzima anayemhusu. Mimi nilibaki na mmoja tu anayenihusu, naye alinihusu kwa kupitia mtu aliyekwisha kuzikwa. Eda ikimalizika ningekuwa nani kwake? Mke wa mwanawe hakuna tena, mjukuu hakuna. Niliona kwamba akinitoa eda kwa mikono yake nitakuwa nimebaki kuwa mwanawe, na asiponitoa nitakuwa nimekuwa mtu tu. Nilikuwa nikiishi kwa kuingojea siku hiyo.

Tulikaa vizuri. Akipika yeye mimi nafua, nikipika yeye anafua. Alinisimulia jinsi mwanawe alivyoandika jina lake kwa mkaa kwenye kuta zote za jirani, akapigwa, akaandika tena. Tulipokezana kulia. Nikianza mimi yeye hunyamaza, nikinyamaza huanza yeye, na hatukuwahi kupanga hivyo. Aliniita mwanangu kwa kila sentensi, hata ya kuomba chumvi.

Baada ya wiki sita mwalimu mkuu aliniuliza kama naweza kurudi, maana hakuna wa kunishikia darasa. Shehe wa msikiti wetu akasema kazi ya lazima inaruhusiwa mchana, mradi nirudi nyumbani kabla ya magharibi na nisijipambe. Nilimtazama mama mkwe wangu.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Watoto wa watu wasikae bure kwa msiba wetu. Lakini usipite Darajani, watu wana macho."

Nikarudi nimevaa nguo isiyokuwa na hata ua moja. Wiki za mwanzo nilifundisha kama redio: sauti inatoka, ndani hamna mtu. Nilichora duara ubaoni, nikaandika nyekundu, buluu, manjano, nikageuka, nikasahau kwa nini nimegeuka. Watoto walikuwa wameambiwa na wazazi wao, na walikuwa watulivu kwa namna iliyoniumiza zaidi kuliko kelele zao. Hata yule msichana wa mapengo alichora kimya kimya. Nilikuwa nawatazama mikono yao wanavyojaribu rangi kwenye ukucha, hamsini na wawili wote, vidole gumba juu, wakiangalia mwanga wa dirishani kwa jicho moja, na kila mmoja alikuwa ni mume wangu.

Hali ikaendelea hivyo mpaka siku moja, mwezi wa tatu wa eda, yule msichana akanyoosha mkono.

"Mwalimu, rangi ya hina inachanganywa na nini?"

Dada yake alikuwa anaolewa, na alitaka kuchora mikono ya bi arusi. Nikasema sijui, tutafute. Sikuwa nimepanga. Darasa likagawanyika makundi kumi na kila kundi likaapa litaipata kwanza. Wakaanza kwa manjano na nyekundu, ikatoka rangi ya chungwa kali mno, rangi ya fanta. "Hiyo si hina," nikawaambia, "hiyo ni soda." Wakacheka. Wakaongeza nyekundu, ikawa nyanya. Wakaongeza manjano, ikarudi pale pale. Kundi la kwanza likaja mbio na kifuniko chake: "Mwalimu, hii?" Nikachovya pamba, nikapaka ukucha wa gumba langu la kulia, nikautazama mwangani. Bado. Kundi la pili, nikapaka kidole cha shahada. Bado. Kundi la tatu. La nne. Kila kundi lilitaka hukumu yake, na ukucha mmoja hauwezi kubeba hukumu kumi, nikaenda kidole baada ya kidole bila ya kufikiri. Mchezo huo ulinichukua wote. Nilikuwa nazunguka darasani na vidole vimetanuka, napiga kelele, "Kidogo, nimesema kidogo!" na watoto wananifuata nyuma.

Msichana yule ndiye aliyeipata. Alikuja wa mwisho, kwa sababu alikuwa amegombana na kundi lake. Wao walitaka nyekundu zaidi, yeye alikuwa amechukua ncha ya njiti akaigusa kwenye buluu, akaitia ndani. Buluu kiasi cha kichwa cha sindano. Rangi ya chungwa ikatulia, ikashuka, ikawa kahawia yenye moto ndani yake. Nikaipaka kwenye ukucha wa mwisho uliobaki, kidole kidogo cha kushoto. Ilikuwa hina.

"Nani kakwambia utie buluu?" nikamuuliza.

"Ilikuwa inapiga kelele," akasema. "Nimeinyamazisha."

Nilifundisha somo lile miaka yote ile na sikuwahi kulieleza vizuri hivyo. Nikainua mikono yangu miwili darasa zima lione, kucha kumi za kila namna ya manjano na wekundu, wakapiga makofi, na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa.

Kengele ilipolia nikaenda bombani kunawa. Sabuni ya skuli ni ya mche, ile ya kufulia. Na manjano yakikutana na sabuni ya kufulia hugeuka mekundu, kila aliyewahi kufua doa la mchuzi kwenye kanzu anajua. Nilivyozidi kusugua ndivyo kucha zilivyozidi kukoza, na rangi ya ukili nayo ikawa imeshika chini yake. Zote kumi zikawa sawa. Nilizitazama nikafikiri jambo moja tu: wiki ijayo nitawaonyesha watoto jambo hili, watashangaa. Nikachukua mkoba nikaenda nyumbani, njia nzima nikiwaza nitalipangaje somo hilo, nianze na sabuni au nimalizie nayo.

Chumbani alikuwepo mama mkwe wangu na shangazi wa marehemu mume wangu, aliyekuja kutujulia hali. Nikamwamkia shangazi shikamoo, nikainama kumbusu mkono kama ilivyo desturi. Marahaba haikuja. Alikuwa amevishika vidole vyangu, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii nini?"

"Rangi, shangazi. Ya skuli."

"Skuli siku hizi wanatia hina?"

"Si hina. Ni manjano na rangi ya ukili, nimenawa kwa sabuni ikageuka."

"Kucha zote kumi?"

Hapo ndipo nilipoziona kama walivyoziona wao. Nilikimbilia jikoni nikakata ndimu, nikarudi nayo, nikasugua mbele yao, kwa sababu ndimu huyarudisha manjano kuwa manjano. Na kweli kucha zikarudi njano, zimebaki na wekundu kidogo pembeni. "Tazameni," nikasema, kama mwendawazimu, "hina hutoka kwa ndimu? Tazameni!"

Shangazi alitazama, kisha akaniachia mkono.

"Na bi arusi anaposingwa anasuguliwa nini mwilini, kama si manjano?" akasema. "Mtu hata hajakauka kaburini. Hongera, bi arusi wetu."

Nikamgeukia mama mkwe wangu. "Mama, mwambie. Hiyo rangi umeniletea wewe mwenyewe."

Hakumwambia. Alikuwa ananitazama usoni, si kwenye kucha, na sikuelewa anatazama nini. Kisha akainuka, akakunja mkeka, akafunga ukili wake ndani ya kanga.

"Nnakwenda zangu shamba," alisema.

"Mama, eda bado mwezi na zaidi. Umesema wewe ndo utanitoa."

"Utajimalizia, Mwalimu."

Miezi yote ile hakuwahi kuniita Mwalimu. Nilisikia miguu yao wawili ikishuka ngazi, na sikuweza kumfuata Makunduchi, kwa sababu mjane halali nje ya nyumba yake wala hatoki ila kwa la lazima, na kwenda na kurudi huko na kazi juu yake ningechelewa magharibi, nao wangepata la pili la kusema.

Nilimpigia simu siku ya pili, ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena na tena. Nilimtumia salamu kwa watu wa kwao wanaokuja mjini kuuza, wakarudi na salamu tupu: hajambo, anashukuru. Sitaki kujifanya malaika, nilimkasirikia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko nilivyolia kwa huzuni, nikimwambia ukutani maneno ambayo nisingethubutu kumwambia usoni. Mwanamke anayeishi kwa rangi, mikono yake mwenyewe haikosi zambarau wala kijani, asijue rangi na hina? Kisha hasira ikipoa nilibaki na chumba. Kilikuwa na alama ya mkeka wake sakafuni, pale ambapo vumbi halikuwa limekaa.

Na skuli nikafanya kosa jengine, na hili halina wa kumsingizia. Niliwaambia watoto kuanzia leo rangi inajaribiwa kwenye karatasi. Basi yule msichana akanyoosha mkono akauliza kwa nini, ukucha umefanya nini. Nikamfokea. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba maswali yake ndiyo yanayoleta balaa. Alikaa chini polepole. Kwa wiki nyingi baada ya hapo alichanganya rangi alizoambiwa tu, nyekundu na manjano sawa na chungwa, buluu na manjano sawa na kijani, safi kabisa, hakuna matope, hakuna jina. Nilimwomba radhi baadaye, akasema haidhuru, Mwalimu, kwa adabu ya mtoto aliyefunzwa kusema haidhuru.

Siku ya kutoka eda nilinunua kanga mpya na gauni, nikaviweka kitandani tangu asubuhi. Nilijua mama mkwe wangu atakuja. Alikuwa amesema, na watu wa umri wake wakisema wamesema. Nilikoka moto wa maji mara tatu, yakapoa mara tatu. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Jua lilipokuwa linateremka jirani yangu wa chini akagonga, akaniona nimekaa kwenye ukingo wa kitanda na nguo mpya pembeni. Alivua bangili zake akazipanga dirishani, akaniogesha. Aliniogesha kwa upole, na mikono yake ilikuwa mizuri, na mimi nilifumba macho nikajaribu kujidanganya kwamba ni ya mwingine. Haikuwezekana. Akanivika, akanifukiza, akanisomea dua. Nikawa nimetoka eda, na sikuwa wa mtu.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda Makunduchi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kama mtu anayekwenda mahakamani. Nilimkuta uani, ameteleka sufuria nyeusi juu ya mafiga matatu, anachemsha ukili kwenye rangi nyekundu, anaugeuza kwa kijiti. Alikuwa amekonda. Nikasema shikamoo mama, akasema marahaba, karibu, akanisogezea kibao cha kukalia.

"Mama, nimekuja unisikilize. Ile haikuwa hina."

"Nlijua."

Nilikuwa na maneno mengi mengine, yote yakaanguka.

"Nlijua palepale," alisema, bila ya kuacha kugeuza ukili. "Mimi nafua kanzu tangu sijavunja ungo, sijui manjano yakipigwa sabuni yanakuwaje? Na rangi yangu mwenyewe siijui?"

"Basi kwa nini, mama? Kwa nini hukumwambia shangazi?"

Moto ulikuwa unavuta vizuri lakini aliuchochea.

"Ulipanda ngazi unaimba," alisema.

Sikujua. Naapa mpaka leo sikumbuki kuimba. Lakini nilipomtazama nilijua ni kweli, kwa sababu nilikumbuka nilivyoingia, kichwa kimejaa sabuni na watoto na wiki ijayo.

"Tumekaa mimi na wifi yangu, tunasikia mtu anapanda ngazi anaimba. Nkasema moyoni, nyumba hii haimbi mtu. Mlango ukafunguka, ukawa wewe. Uso umekunjuka. Nkajua huyu ashasahau."

"Saa moja, mama. Haikuzidi saa moja."

"Ndo hiyo hiyo. Wala si kosa, nlijua si kosa. Mungu ndiye anayeileta saa hiyo. Lakini nkaona nikibaki ntakuchukia kwayo, kila ukirudi skuli ntakutazama uso, umesahau leo au hukusahau. Nkaona bora niondoke." Akapangusa macho kwa mkono wa zambarau. "Siku yako ilipofika nlivaa. Nlifika barabarani. Nkarudi."

Ningeweza kukana hina mbele ya kadhi yeyote. Hili sikuweza kulikana. Nilikaa kwenye kibao changu na kesi yangu yote niliyoishinda haikunifaa kitu.

"Kakutoa nani?" aliuliza.

"Jirani wa chini."

"Maji kayatia nini?"

"Mrihani na asmini."

"Yalikuwa ya moto?"

"Yalikuwa yashapoa kidogo. Nilikuwa nimengoja."

Uso wake ukavunjika. Sijui kusema vingine. Aliachia kijiti ndani ya sufuria. "Ilikuwa kazi yangu," alisema. "Ilikuwa kazi yangu mimi."

"Ndiyo, mama."

Hatukuwa na la kufanya. Eda hutoka mara moja, hakuna wa kuirudisha ili itoke vizuri. Tulikaa mpaka moto ukapungua, kila mmoja analia kwa upande wake, na safari hii hatukupokezana. Nikafikiri nivae viatu vyangu nirudi mjini.

"Ile saa," akasema ghafla. "Ilikuwaje?"

Nilidhani ananisuta. Nikamtazama, hakuwa ananisuta. Alikuwa amenigeukia mzima mzima, kama mtu anayeuliza habari za mji ambao hajawahi kufika.

Basi nikamweleza. Nikamwambia juu ya makundi kumi na vifuniko, juu ya rangi ya fanta na rangi ya nyanya, juu ya kidole baada ya kidole. Nikamwambia juu ya msichana wa mapengo na ncha ya njiti yake. Alinikatiza mara moja tu, kuuliza buluu kiasi gani, nikamwonyesha kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali, maana ni fundi. Nikamwambia jinsi nilivyocheka mpaka nikakaa, na kwamba katika kucheka kule hakukuwa na kitu chochote, wala kaburi, wala mtungi wa gesi, wala yeye. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Saa kama hiyo, yangu mimi bado haijaja," alisema.